Mji Usiohitaji Kitu

Kwa unyenyekevu mkubwa natangaza kwamba mji wetu wa Kuresawa umepata sifa ambayo hakuna mji mwingine wa Japani uliowahi kuipata: watu wake waliougua saratani wakapona hawahitaji msaada wa aina yoyote. Tumepimwa, na tumeonekana hatuna shida.

Mimi, Tomie, nilikuwamo kazini tangu mwanzo, nikiwa Mjumbe Mwakilishi wa Waliopona katika Kamati ya Upimaji wa Mahitaji. Niliteuliwa kwa sababu nilikatwa titi na bado nikabaki na nguvu za kukaa vikaoni. Anayedhani hilo ni jambo dogo hajakaa vikao vyetu.

Mkuu wa kamati alikuwa Bwana Hidaka wa ofisi ya mji, mtu nadhifu, nywele zimechanwa hadi zimetii. Yeye ndiye aliyetunga kanuni kuu ya upimaji: swali huulizwa mara moja tu, na jibu la kwanza ndilo la kitaalamu. Kumuuliza mtu mara ya pili, alitufundisha, ni kumlisha maneno. Wajumbe wote tukainamisha vichwa. Ni kweli kwamba hapa kwetu ukimkaribisha mtu chai atakataa, ukimkaribisha tena atakataa kwa sauti ya chini kidogo, na ukishikilia ndipo atakapokaa akanywa mpaka birika likauke. Lakini mambo ya chai si mambo ya kamati, kwa hiyo hakuna aliyeyaleta kikaoni.

Maofisa wakapita nyumba kwa nyumba. Mzee Enomoto, aliyeondolewa tumbo karibu lote, aliulizwa kama chakula kinampa taabu. Akajibu hata kidogo, huku ameketi mbele ya uji wa mchele uliopoa tangu asubuhi. Rafiki yangu Sumako aliulizwa kama mkono unamsumbua. Akauficha ndani ya aproni, akasema mkono haujambo, poleni na jua, akawafungashia na figili za chumvi. Mimi nilipoulizwa kama usiku napata usingizi, nikasema napata mwingi tu. Ofisa mwenyewe alikuwa na macho mekundu. Ningemwongezea mzigo wa nini?

Majibu yalipojumlishwa, mahitaji yakatoka sifuri. Bwana Hidaka aliitazama ile sifuri kama baba anavyomtazama mtoto aliyeshika namba moja darasani. Kikao kikaazimia kwamba, kwa kuwa mahitaji hayapo, kile chumba cha chini hospitalini ambamo muuguzi Nozomi hutupokea kifungwe, Nozomi ahamishiwe wodi nyingine, na chumba kikabidhiwe kamati, ambayo haikuwa na mahali pa kuweka makaratasi yanayothibitisha kwamba chumba hakihitajiki. Mimi niliunga mkono. Lilikuwa azimio lililonyooka.

Sumako ndiye aliyeanza kulipinda. Tangu alipotolewa tezi za kwapani, mkono wake huvimba ukawa kama figili ya kushindania tuzo. Nozomi huukanda taratibu kuelekea begani, kisha huufunga bendeji. Asipofanya hivyo vidole havikunjiki, na Sumako ni mpika tofu. Tofu, lile jibini laini la soya, hutolewa majini kwa kiganja. Hakuna chombo kinachoweza kuibembeleza vile.

Nikamwambia angesema basi.

"Ningesemaje, Tomie? Waliuliza mara moja."

"Kanuni ndiyo hiyo."

"Kanuni yenu haijawahi kukaribishwa chai kwa watu. Na wewe, mheshimiwa mjumbe, uliwajibu nini?"

Nikamweleza kwamba jibu la mjumbe ni siri ya kamati. Alicheka mpaka akaketi, halafu akawa anaukandakanda mkono wake mwenyewe, vibaya, kwa kuwa hajui.

Siku ya kufunga chumba alikuja Bi Orikasa, ofisa mkuu kutoka mkoani, kuuona mji usiohitaji kitu ili miji mingine ijifunze. Bwana Hidaka alisoma hotuba. Kisha tukavua viatu, tukaingia, tukamkuta Sumako anafungwa bendeji kwa mara ya mwisho, na nyuma yake Mzee Enomoto na wengine wamekuja kumuaga Nozomi.

Bi Orikasa akamuuliza Sumako kama mkono ule unahitaji chochote. Sumako akasema hapana, haujambo. Bi Orikasa akasema, kweli? Sumako akasema kweli, wasijisumbue, ila sauti ikashuka. Bi Orikasa akavuta kiti akakaa.

"Mama, mimi sina haraka. Treni yangu ni ya jioni."

"Basi, kama si usumbufu," Sumako akasema, akiangalia sakafu, "huyu binti msimhamishe. Akiondoka yeye, mimi na tofu ndiyo basi."

Mzee Enomoto akakohoa, akatangaza kwamba yeye kwa upande wake hana shida yoyote, akasogeza kiti karibu ili aulizwe tena. Wengine nao wakaanza kupanga foleni ya kutokuwa na shida. Bwana Hidaka akaona upimaji unaharibika mbele ya macho yake.

"Samahani sana, Mheshimiwa," akasema. "Haya majibu ya baadaye hayahesabiki. La kwanza ndilo la kitaalamu."

Bi Orikasa akasimama, akainama, akaomba radhi kwa kutoijua kanuni. Na kabla hajanyanyuka sawasawa akamuuliza yeye, "Na ofisi yako, Bwana Hidaka? Mwaka ujao mngehitaji watumishi, vyumba, chochote?"

Wote tulijua Bwana Hidaka anataka nini. Kila kikao alizungumzia ofisi ya ghorofani yenye dirisha la mtoni. Lakini Bwana Hidaka alilelewa vizuri na mama yake. Akainama chini zaidi.

"Hapana, hata kidogo. Ofisi yetu duni inajitosheleza. Mheshimiwa asijisumbue."

Akasubiri. Na mimi nikasubiri, kwa heshima. Bi Orikasa akaandika, akafunika kalamu.

"Hongera sana. Ni ofisi ya kwanza mkoani isiyohitaji mtumishi hata mmoja."

"Labda, Mheshimiwa, kama si usumbufu..."

"Bwana Hidaka," akasema kwa upole, "siwezi kukulisha maneno."

Tukapiga makofi. Watumishi wa ofisi ile, kwa kuwa haikuwahitaji, wakagawiwa kwingine. Chumba kikabaki, Nozomi akabaki, na Bwana Hidaka akaletwa kwetu kumsaidia kukunja bendeji. Anazikunja vizuri, kingo zote sawa.

Juzi nilimwona kashika kiuno, kainamia kikapu cha bendeji tangu asubuhi. Kwa kuwa bado mimi ni mjumbe, nikamuuliza kama amechoka. Akajinyoosha, akainama, akasema hapana, hata kidogo.

Nikamshukuru, nikaandika sifuri, nikaendelea na chai yangu.