Rudia Hesabu!

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Taarifa imefika kutoka ofisi ya mapato: kodi ya duka la ushonaji la mke wangu, adhabu ya kuchelewa, na riba juu yake. Duka limeandikishwa kwa jina langu. Lisipopatikana suluhisho hadi Ijumaa, wanalifunga, vyerehani vikiwa ndani. Mama Watoto ameuliza fedha ya kodi aliyonipa mwaka jana iko wapi. Kabatini, nikasema, haijaguswa. Nilikuwa bado naandika barua ya kuisindikiza. Akaenda kulala bila kula.

Jumanne, 4 Machi

Jirani yetu, mhasibu mstaafu ninayemwita Bwana Senti, ametamba kutoka upande wa pili wa ukuta wa ua kwamba yeye adhabu yake ilifutwa kwa barua ya mistari mitatu. Mistari mitatu! Hiyo si barua, ni kikohozi. Akanishauri nilipe kodi kwanza, kisha niombe msamaha. Nikamchekea kwa meno tu.

Mpango wangu ni bora. Taarifa yao imejaa makosa ya sarufi, na ofisi inayokosea viambishi haishindwi kukosea hesabu. Nimefundisha lugha maisha yangu yote. Nimetoa kalamu nyekundu, nikasahihisha kila mstari. Pembeni mwa jumla nimeandika, kwa mwandiko wa darasani: Rudia hesabu! Na saini.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipeleka. Foleni ndefu, kiti kimoja, nacho mguu mbovu. Karani wa dirishani, binti mpole, aliuona wino akasimama wima. Akauliza kama imetoka kwa mkuu sasa hivi. Sikumwelewa. Nikamwambia ni jambo la haraka. Akasema sawa mzee, litafanyiwa kazi leo leo. Heshima iliyoje!

Nimemwambia Mama Watoto kwamba lugha bado ina nguvu. Akasema cherehani nacho kina nguvu, ndicho kinachotulisha.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Sina budi kueleza. Katika ofisi ile, wino mwekundu ni wa mkuu peke yake. Akiandika kwa rangi hiyo, ni amri. Karani amerudia hesabu. Ameirudia vizuri mno: riba imehesabiwa hadi leo, imepanda.

Mkuu akaniita. Mama wa makamo, miwani shingoni. Akauliza tangu lini natoa amri ofisini kwake. Nikaanza kueleza asili ya usahihishaji. Akainua mkono. Akasema, mwalimu, kesho kabla ya saa kumi leta kodi na riba, na ombi la maneno machache tu, adhabu nitaifuta. Usipoleta, nafunga duka. Karani alikuwa anauma midomo asicheke.

Ijumaa, 7 Machi

Ombi halianzi hivi hivi, lazima liwe na utangulizi. Nimeamka alfajiri, nikaanza na maana ya neno "msamaha". Ukurasa wa sita nilikuwa bado sijaifikia kodi. Saa tisa na nusu nikafungua kabati. Tupu! Nikapiga kelele, mwizi! Bwana Senti akachungulia, akasema mwizi huyo amepita asubuhi na mkoba wake, tena alimsalimia vizuri.

Mama Watoto amerudi na risiti. Kodi na riba amelipa. Ombi ameliandika pale pale dirishani: "Tumechelewa. Mume wangu alikuwa anaandika. Tunaomba mtusamehe." Mkuu amecheka hadi machozi, akaifuta adhabu yote. Duka halifungwi.

Nimeumia. Sentensi tatu, bila hata salamu! Watatuonaje? Nimemwambia Mama Watoto asijali, nitarekebisha: Jumatatu napeleka ombi kamili la kurudishiwa riba. Utangulizi ninao tayari. Akasema nikithubutu, atalihamisha duka liwe kwa jina lake.

Nimemweleza kwa upole kwamba hilo nalo linahitaji barua. Nitamwandikia.