Marehemu, Beberu na Tovuti ya Mjomba

Jumatatu, 3 Machi
Leo ndiyo leo! Tovuti ya studio ya Mjomba imefunguliwa. Mteja anatuma picha akiwa kwake, programu niliyoandika kwa mkono wangu inaipokea, sisi tunachapisha na kutia fremu. Mjomba kasema hii ni karata yake ya mwisho: wateja wasiporudi, anafunga studio na chumba anampa kinyozi wa jirani. Nimemwambia alale usingizi. Ili mambo yawe nadhifu, nimewaagiza wateja wote waziite faili zao "picha". Binti wa Mjomba, tunayemwita Miwani, kasomea kompyuta na haachi kutukumbusha. Anasema programu yenyewe ndiyo iipe kila faili jina lake. Wivu huo!

Jumanne, 4 Machi
Wateja wametuma. Folda tupu! Kumbe seva huweka kila faili mahali pa muda tu, na programu isipoihamisha, inafutwa. Miwani ndiye aliyegundua. Nilimwambia nami nilikuwa njiani kugundua. Nimeongeza mstari wa kuhamisha.

Alhamisi, 6 Machi
Watu wanatuma kutwa nzima! Ajabu, kwenye folda ipo picha moja tu. Bila shaka ni ya yule mjane wa mtaa wa pili, maana ndiye aliyetangulia. Anataka sura ya marehemu mumewe, saizi kubwa, ya ukutani. Nimechapisha, nimetia fremu, nimefunga kwa karatasi, yote bila kutazama. Mambo ya watu hayachunguliwi.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Mjane kafungua kifurushi mbele ya wanawe: beberu! Mfugaji fulani anauza mbuzi wake, naye faili kaiita "picha" kama nilivyoagiza. Kila iliyoingia ilifuta iliyotangulia. Mjane akaja na fremu kwapani. Nilijificha nyuma ya pazia la kupigia picha. Nikamsikia akimwambia Mjomba kwamba ndevu ni zile zile na ukaidi ni ule ule, kisha akacheka mpaka akalia. Mjomba hakucheka. Aliinama akawa anafuta vumbi kamera yake ya zamani. Roho iliniuma kweli. Ndiye pekee aliyenipokea nilipofukuzwa kila mahali.

Jumamosi, 8 Machi
Miwani kaitengeneza. Kila faili inapewa namba yake, faili kubwa mno hazipokelewi, zisizo picha zinarudishwa. Mjane naye katupigia debe. Foleni hadi barabarani! Mjomba kamwambia kinyozi asahau chumba. Mimi nimekatazwa kuigusa programu. Nimekubali kwa shingo upande.

Jumapili, 9 Machi
Lakini kurudisha faili za watu si ustaarabu. Mgeni hafukuzwi mlangoni. Asubuhi nimeingia kimyakimya nikaondoa vizuizi vya Miwani. Kufikia mchana mtu katuma video ya harusi nzima, tangu bibi harusi kusukwa nywele hadi ukumbi kufagiliwa. Diski imejaa pomoni, seva imekufa, maagizo ya jana hayafunguki. Mjomba katoka kwenda kwa kinyozi. Jioni kinyozi kaja na futi kupima chumba. Nimemshikia ncha ya pili. Maskini, hana hata tovuti. Nimemwahidi yake itakuwa tayari Jumatano.