Nanunua Matairi, Sinunui Geti

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kuliko zote mwaka huu. Mama Mkate, mwenye bekari ya kona, anatafuta pikipiki ya miguu mitatu ya kusambaza mikate madukani. Kazi ya kudumu! Kila siku ya Mungu! Yule aliyekuwa nayo amefukuzwa, maana matairi yake ya nyuma yaliteleza kwenye matope na mikate yote ikaogelea mtaroni. Kwa hiyo mama huyo ana sharti moja tu: matairi ya nyuma yawe mazima. Jumamosi asubuhi atatujaribu wawili, mimi na shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Naye ana pikipiki ya miguu mitatu kama yangu. Akili ya biashara hana, ana shati safi na kicheko kirefu. Huniita Injinia, na si kwa kunisifu.

Kikwazo kidogo: matairi yangu ya nyuma ni vipara. Juzi kwenye mvua nilifunga breki kwa kinyozi nikaja kusimama kwa muuza mkaa.

Mke wangu naye ametoa sharti lake. Alilitoa akiwa na pini mdomoni, anapinda gauni la mteja, nikadhani anatania. Hatanii. Pikipiki ilinunuliwa kwa pesa za cherehani yake, na amechoka na mipango yangu. Nikiikosa kazi hii, pikipiki inakwenda kwa kaka yake, na mimi nitapanda nyuma kushika mizigo. Mimi! Nyuma! Natazama kisogo cha shemeji kutwa nzima!

Haitatokea. Nina wazo tayari.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa fundi matairi. Akayaangalia matairi yangu ya zamani, akasema nichukue saizi ile ile, kama aliyochukua shemeji wiki iliyopita. Nikamwonea huruma. Kama nafanya kama shemeji, nitamshindaje shemeji?

Na ndipo nilipoyaona. Pembeni, chini ya turubai, matairi mawili ya gari dogo, manene, mapana, na ringi zake. Karibu mapya. Yamekaa kama watu wazima waliokwisha kula. Moyo ulinienda mbio, sioni haya kusema.

Fundi akasema hayo ni ya gari. Nikamwambia kwamba pikipiki yenye matairi ya gari ni nusu gari. Akasema ringi itabidi iwekewe vipande vya chuma ili ikae, na gurudumu litatokeza nje zaidi. Nikamwambia ndiyo raha yenyewe. Mama Mkate akiangalia nyuma aone mgongo mpana, ajue mikate yake imepata mwenyewe.

Kisha akaniuliza geti la nyumbani kwangu lina upana gani. Swali gani hilo? Mimi nanunua matairi, sinunui geti.

Alitaka kunifungia pale pale. Nikakataa katakata. Shemeji huegesha ng'ambo ya barabara, macho yake hayana likizo. Nitafunga mwenyewe nyumbani, uani, geti limefungwa. Ushindi unataka siri.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya vipimo. Nimechukua futi ya mke wangu ya kupimia nguo. Nimepima ekseli. Nimepima ringi. Nimepima urefu kutoka ardhini hadi kwenye sanduku la mizigo. Nimepima hata kiti, ingawa kiti hakihusiki, ila nilikuwa nimeshapata moto wa kazi. Mimi si mtu wa kubahatisha.

Mke wangu alitoka uani kuitafuta futi yake. Mteja alikuwa amesimama chumbani na mikono juu muda wote huo. Mwanamke mwenye mwili wa kutosha, na hasira pia. Mke wangu akaniuliza napima nini. Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Akaichukua futi akarudi kwa mteja wake.

Imegundulika kwamba madigadi ya nyuma yatakwaruza matairi mapya. Nimeyakata kwa msumeno. Sasa tope litaruka popote linapotaka. Sawa. Kila kitu kizuri kina gharama yake.

Alhamisi, 6 Machi

NIMEFUNGA! Mgongo wangu sijui kama utarudi, lakini nimefunga!

Jeki ilikataa kazi katikati ya kazi. Pikipiki ikashuka taratibu ikakalia kigoda cha cherehani, na kigoda sasa ni vipande. Nati moja imetumbukia kwenye shimo la maji machafu. Nimeitoa kwa mkono. Sitaandika zaidi kuhusu nati hiyo.

Lakini sura yake! Inakaa chini, imetanuka, imejaa. Hata upande wa mbele umepata heshima. Nimeizungusha uani mara kadhaa. Haiyumbi. Imepita juu ya beseni la mke wangu bila hata mimi kusikia, na hiyo ndiyo sifa ya tairi pana. Beseni limekuwa sinia.

Jioni shemeji akaja. Nilisikia sauti yake getini nikatupa kitambaa juu ya pikipiki, kitambaa cha kwanza nilichokishika, ambacho nimearifiwa baadaye kwamba ni gauni la yule mteja wa jana, lililokuwa tayari kuchukuliwa. Shemeji akachungulia juu ya ukuta, akauliza nimefunika nini. Nikasema kitanda. Akauliza tangu lini kitanda kikawa na usukani. Nikasema cha kisasa.

Akaondoka anacheka. Cheka tu, shemeji. Jumamosi si mbali.

Ijumaa, 7 Machi

Sikufanya kazi. Kuna mtu alitaka nimbebee viti, nikakataa. Sitaki matairi yachafuke kabla Mama Mkate hajayaona. Nimeyafuta kwa mafuta ya kupaka ya mke wangu. Yanang'aa.

Mke wangu anafua gauni la mteja, lina alama ya grisi mgongoni. Nimemwambia kesho ataona. Akasema ndicho anachokiogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimetulia. Nimeoga. Nimekunywa maji. Sasa naweza.

Alfajiri nikavaa shati jeupe, nikawasha, nikafungua geti, nikaondoka kwa madaha. Gurudumu la mbele likatoka. Mimi nikatoka. Matairi ya nyuma hayakutoka.

Sikuelewa. Nikaongeza moto. Pikipiki ikajipachika kati ya nguzo mbili za geti, kulia tairi, kushoto tairi, ikatulia kama iliyojengewa pale. Mbele haiendi. Nyuma hairudi.

Mke wangu akaja kwa nyuma yangu. Yule mteja akafika kwa mbele, anataka gauni lake. Wakapeana juu ya kichwa changu. Wakajadili pindo juu ya kichwa changu. Mimi nimekaa, nimeshika usukani, natazama mbele, kama mtu aliye safarini.

Na nani akapita, anaelekea bekari na tairi zake za kawaida? Shemeji. Akasimama. Akauliza kitanda kinatoka kwenda wapi. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini nisiwe mwongo, ni yeye aliyesema nipunguze upepo, matairi yalegee, yabonyee. Tukatoa upepo. Yeye akavuta, mke wangu akasukuma, pikipiki ikatoka na kipande cha nguzo. Akaniachia pampu yake ya mguu akaondoka, maana saa ilikuwa inakwenda.

Nikapampu. Nikapampu mpaka shati jeupe likawa la rangi nyingine. Ningeweza kuyaacha laini. Lakini Mama Mkate ataona nini kwenye matairi yaliyonyong'onyea? Nikayajaza hadi yakawa magumu kama mawe.

Bekari iko mwisho wa kichochoro. Kuta mbili, na katikati nafasi ya kuingilia. Shemeji alikuwa ameshaingia, anapakia. Nikaona bado kuna nafasi ya kumpiku, nikaingia kwa kasi ili Mama Mkate aone mwendo.

Aliona.

Safari hii ilinasa vizuri zaidi, kwa sababu ya kasi. Na ndipo nikagundua jambo la kunifariji: shemeji yuko ndani na mimi niko mlangoni, kwa hiyo hawezi kutoka. Kitaalamu, nilikuwa naongoza.

Mama Mkate hakuliona hivyo. Mikate yote ya mtaa ilikuwa ndani, na njia nimeiziba mimi. Wenye maduka walianza kuja wenyewe, kwanza wawili, kisha kundi, wanauliza chai itanywewa na nini. Waokaji wakapanga trei juu ya sanduku langu la mizigo, na mikate ikapita kwa mkono juu ya pikipiki yangu, toka huku hadi huku, mpaka ikaisha. Nikajaribu kusema kwamba, ukihesabu, pikipiki yangu ndiyo iliyosambaza. Mama Mkate akafuta unga mikononi, akaja mpaka usoni pangu.

"Baba, nilitafuta mtu wa kunitolea mikate," alisema. "Wewe umeniletea mlango."

Watu walicheka. Wote. Hata waokaji, ambao siwajui.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amepata kazi. Mikate ni mingi, anahitaji pikipiki mbili, kwa hiyo yangu itatumika. Ataiendesha jirani yake. Mimi nitakaa nyuma ya shemeji, nishike trei kwenye matuta. Imeamuliwa sebuleni, mimi nikiwepo. Niliulizwa maoni yangu wakati watu wanasimama kuondoka.

Shemeji hakucheka. Alisema mshahara nitalipwa kama wengine na nisijali. Afadhali angecheka.

Nikatoka uani, ambako jana tuliirudisha pikipiki kwa kutoa upepo tena, kufungua matairi mapana, ili ya saizi ile ile aliyosema fundi yafungwe. Spana ilikuwa mkononi na sikuweza kuanza. Iliniuma. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma: niliyapenda matairi yale, na nilitaka siku moja tu mke wangu asimame getini anitazame nikiondoka, asitingishe kichwa.

Akaja na chai. Akakaa juu ya tairi, kwa kuwa kigoda hakipo tena. Hakunigombeza. Alitoa futi yake mfukoni akailaza kwenye ekseli, toka tairi hadi tairi, kisha akaenda nayo getini akiwa ameishikilia kwa kidole mahali palipoishia. Palipobaki nje ya nguzo ni upana wa kiganja.

"Mimi kazi yangu ni kupima watu, mume wangu," alisema. "Ungeniuliza tu. Gauni halipimwi kwa gauni, linapimwa kwa anayelivaa."

Nikamwambia amesema kweli. Na nilimaanisha. Tukanywa chai pale pale, sina la kuongeza. Tangu leo napima kwanza, kila kitu, pande zote, halafu ndipo nafanya. Nimeapa.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza kazini. Kisogo cha shemeji kina kovu dogo upande wa kushoto. Nadhani nitalijua vizuri.

Pikipiki yangu ilitoka getini leo bila hata kugusa nguzo. Mke wangu alisimama akaitazama ikiondoka. Mwendeshaji alikuwa jirani wa shemeji.

Lakini kuna jambo nimeliona, na nashangaa hawa watu hawajaliona. Trei za bekari ni ndogo mno! Tunaingia na kutoka, tunaingia na kutoka, kama mchwa. Trei moja kubwa, pana, na mikate yote ya duka zima ingekwenda kwa mara moja. Mama Mkate angeshangaa. Angeuliza wazo ni la nani. Shemeji angelazimika kunitaja.

Baada ya kazi nimepitia kwa seremala. Nimetimiza kiapo changu, nimepima kila kitu. Nimepima mkate. Nimepima sanduku la mizigo. Nimepima mikono yangu ikiwa imenyooshwa, na kifua cha shemeji bila yeye kujua, ili tusaidiane kubeba. Trei inaanza kutengenezwa kesho.

Seremala akaniuliza mlango wa bekari una upana gani. Hawa mafundi sijui wamefundishwa wapi. Mimi naagiza trei, siagizi mlango.