K ya Shaba

Jumatatu, tarehe 6 Machi 1961. Elisabethville.

Directeur Godefroid, mkuu wa shule yetu, ametuita ofisini leo asubuhi, mimi na Monitrice Madeleine. Sisi wawili ndio walimu wa mwaka wa kwanza. Mimi nina 1A, yeye 1B. (Mimi ni A. Nataja tu.)

Amesema mambo mawili. La kwanza: Inspecteur, mkaguzi wa shule, anakuja Jumamosi asubuhi kuona namna tunavyofundisha herufi moja kwa kazi ya mikono, si kwa kuimba na kukariri. La pili: Kasenga wanakosa mwalimu. Mmoja wetu, atakayempendeza Inspecteur, atabaki hapa mjini na darasa lake litakuwa darasa la mfano. Walimu wa mji mzima watakuja kulitazama. Mwingine, baada ya Pasaka, atapanda lori la samaki kwenda Kasenga.

Kasenga! Mbu, mto Luapula, na baba mkwe wangu. Mzee Chanda anauza samaki kule. Siku nilipomwoa Régine alisema mbele ya watu wote kwamba mwanaume anayeshinda akiimba na watoto bado hajapata kazi. Miaka minane sasa. Hajarudia maneno yale kwa sababu moja tu: mimi siendi Kasenga.

Lakini wasiwasi wa nini? Mshindani wangu ni Madeleine. Anakaa chini, sakafuni, pamoja na watoto! Nimeanza daftari hili leo ili walimu vijana wa baadaye wajue jinsi nilivyofanya. Ninaandika Kiswahili safi cha kitabu. Régine anasema ninaandika kama padri. Nimepokea sifa hiyo.

Jumanne, tarehe 7 Machi.

Programu inasema juma hili ni herufi M. Madeleine anafuata programu, bila shaka. Amewapanga watoto wake mstari mmoja mpaka mto Naviundu kuchota udongo wa kufinyanga. Wamerudi na matope hadi masikioni.

Mimi nimechagua K. Kwa nini K? Angalia mji huu! K iko kwenye timbri za barua, K iko kwenye noti mpya, K iko kwenye magari. K ya Katanga, nchi yetu iliyojitenga mwaka jana! Inspecteur akiiona atasimama mwenyewe. M ni ya nani? M ni ya muhogo.

Jaribio la kwanza: bukari, ugali wetu. Nilimwamuru Régine asonge sufuria mbili, ngumu, tuzifanyie K. Wazo zuri sana. Tatizo ni kwamba K ina mguu wa pili, na kuueleza mguu wa pili kunachukua muda. Nilipomaliza kueleza, K zote arobaini na saba zilikuwa zimeliwa. Kunda, mtoto wa benchi la mbele, alikula yake na ya jirani. Nilimwuliza amejifunza nini. Akajibu kwamba bila mboga haishuki vizuri.

Jumatano, tarehe 8 Machi.

Nimepata! Nimepata!

Wakati wa mapumziko niliwatazama watoto wakikimbiza gari zao za waya. Usukani, magurudumu, taa, kila kitu ni waya. Watoto wa mji huu wanazaliwa na koleo mkononi. Basi herufi ya waya! Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Mimi ninasema waya pia.

Na waya gani? Si ule wa uzio wenye kutu. Shaba! K ya Katanga kwa shaba ya Katanga. Nilijipigia makofi.

K haitoki kwa waya mmoja. Inataka mmoja wa kusimama na mmoja wa kukunja. Kwa hiyo nimewaagiza: kila mtoto alete waya mbili za shaba, ndefu, kabla ya Ijumaa. Nimewakataza kuwasumbua wazazi, wazazi wamechoka. Watafute wenyewe. Herufi uliyoitafuta mwenyewe huwezi kuisahau. (Maneno hayo nimeyaandika kwenye fishi ya somo, yaani karatasi ya maandalizi, nikayapigia mstari.)

Régine ameuliza watoto arobaini na saba watapata wapi shaba nje ya kiwanda. Nikamjibu kwamba wanawake wanaona shida, walimu wanaona lengo. Akasema: "Adalbert, mayele iko mingi, akili njo kidogo." Kwa Kiswahili cha kitabu: ujanja ni mwingi, akili ndiyo kidogo. Nimemsamehe.

Alhamisi, tarehe 9 Machi.

Mvua tangu alfajiri. M za Madeleine zimepangwa dirishani zikauke. Wapi! Zimelegea miguu yote mitatu, zimelala. Nilisimama mlangoni pake kwa muda, kwa huruma. Nikamwuliza kama amewahi kufika Kasenga. Nikamwambia kule udongo ni mwingi. Akacheka, akasema aksanti sana.

Akacheka! Mtu anayeshindwa anacheka nini?

Kwangu, watoto kumi na mmoja tayari wameleta waya. Nyembamba, safi, ndefu ajabu. Annie, binti yangu mwenyewe, ameleta mbili zinazopita zote kwa urefu. Nilimwuliza amezitoa wapi. Akasema: juu. Nikaliambia darasa lote kwamba mwanafunzi mwema ndivyo alivyo, anatazama juu. Nikampa kumi juu ya kumi. Si upendeleo.

Ijumaa, tarehe 10 Machi.

Wote! Wote arobaini na saba! Wengine wameleta waya tatu.

Tulifanya kazi asubuhi nzima. Waya wa kwanza unasimama. Wa pili unakunjwa katikati, mkono juu, mguu chini, unafungwa kiunoni. Kisha nikawafumba macho kwa vitambaa, wakapitisha vidole juu ya shaba polepole. Kisha nikachanganya herufi nyuma ya migongo yao, K pamoja na L na T na I, wakatafuta kwa vidole tu. "Ka!" walipiga kelele. "Ka!" Hakuna aliyekosea. Hata Kunda. Miaka tisa nafundisha sijaona jambo kama hili. Nilipangusa macho. Nilifurahi mno, na vumbi la chaki nalo lilikuwepo.

Nimezitundika zote ukutani kwa misumari. Ukuta unang'aa kama altare ya Krismasi. Mtoto wa Directeur ameleta waya mnene kuliko wote, bado una kikombe kidogo cheupe cha kauri kimefungwa mwishoni. Pambo zuri. Yake nimeiweka katikati.

Jioni, siku hiyo hiyo.

Redio yangu imekufa. Leo, siku ambayo serikali itasema saa moja jioni na mji mzima unangojea! Ninafungua, inatoa "shhh" tu. Niliipiga ubavuni, kama inavyopigwa siku zote. Shhh. Nikaipiga upande wa pili, kwa haki. Shhh.

Nikaenda kwa jirani Mwansa. Huyu ni mzee wa mgodi, amestaafu, ana redio kubwa kuliko zote katika barabara yetu, na kila jioni watu wanaleta viti uani kwake. Nilikuta viti vimejaa na redio inasema shhh. Nyumba ya tatu, shhh. Nyumba ya nne, shhh. Barabara nzima!

Watu waliduwaa. Ni mimi niliyeelewa kwanza. Nikapanda juu ya kiti, nikasema wazi: stesheni imekamatwa. Ndugu zangu, vita vimefika.

Mwansa akanishika mkono, akasema: "Mwalimu, uko muntu wa kuona mbali." Nusu saa baadaye maneno yangu yalikuwa yamezunguka cité, mtaa wetu mzima, na kunirudia yameshanenepa: stesheni inaungua, daraja limekatwa, ndege zinakuja. Wanawake wakakimbilia unga na chumvi. Régine akafunga godoro kwa kamba. Ee, nilikuwa na hofu, nakubali. Lakini nilikuwa na fahari pia.

Madeleine alipita. Akasema mtaani kwao redio zinasema vizuri, hotuba imekwisha, sasa wanapiga muziki. Nani amsikilize? Nikawaambia watu kwamba ni wivu wa kazi. Yeye akatazama paa langu, akatazama paa la Mwansa, akacheka tena. Mwanamke huyu ana ugonjwa wa kucheka.

Jumamosi, tarehe 11 Machi.

Niandike haraka kabla aibu haijanishika mkono.

Hakuna vita. Nilikwenda shuleni na tai yangu. Inspecteur alikuwa amelala kwa Directeur Godefroid na alikuwa na uso wa mtu ambaye jioni nzima alisikiliza shhh. Lakini somo! Mungu wangu, somo! Niliwafumba watoto macho, nikachanganya herufi, vidole vikatembea. "Ka!" "Ka!" "Ka!" Inspecteur akaacha kiti. Akamfumba mtoto mmoja mwenyewe, akachanganya mwenyewe. "Ka!" Akaandika mstari mrefu kwenye daftari lake. Niliiona Kasenga ikirudi nyuma, ikiwa ndogo, ikipotea.

Kisha akanyoosha kidole kwenye K ya katikati. Akamwuliza mtoto wa Directeur kikombe kile cheupe ni cha nini. Mtoto akasimama vizuri, kama nilivyomfundisha, akajibu kwamba ni cha waya wa redio ya Papa yake, ule wa juu ya nyumba. Aliutoa kwa ngazi.

Directeur akageuka rangi.

Watoto wakafurahi, wakadhani ni somo jipya. Kila mmoja akataka kujibu. Wangu ni wa juu ya kwetu! Wangu ni wa juu ya jirani! Waya wa kusimama ni ule wa paa, waya wa kukunja ni ule unaoingia ardhini! Annie wangu alisema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba mmoja ni wa Baba na mmoja ni wa Mzee Mwansa, kwa sababu Baba alikataza kusumbua wazazi.

Kumbe! Kumbe! Ubavu wa redio yangu, nisamehe.

Wakati huo huo Mwansa akaingia, na nyuma yake akina baba ishirini, macho mekundu. Walikuwa wamelala juu ya mizigo yao, na asubuhi mmoja wao alipanda paa. Waliingia kwa kelele, halafu wakaziona zile K, wakasogea ukutani. Kila mmoja alitafuta waya wake na hakuna aliyeutambua. Basi watoto ndio waliowatafutia. Kila mtoto alishusha K yake, akaiweka mkononi mwa baba, akapitisha kidole cha baba juu yake: inasimama, mkono juu, mguu chini, hii ni ka. Akina baba wanne kati yao hawajui kusoma. Nilisimama pembeni na tai yangu. Sikujua kama nicheke au nilie.

Mwansa alipewa yake na Annie. Aliipapasa mara mbili, tatu. Akauliza kama redio inaweza kusema bila kuikunjua. Akaondoka nayo hivyo hivyo.

Inspecteur akaenda 1B. Nilimwona akikaa sakafuni.

Jumatatu, tarehe 13 Machi.

Ni mimi. Kasenga.

Directeur amenisomea ripoti. Imeandikwa kwamba katika 1A wanafunzi wote wanaijua herufi, na akina baba pia. Imeandikwa kwamba haijapata kuonekana. Kisha imeandikwa kwamba mwalimu huyu apelekwe mahali ambapo redio ni chache.

Iliniuma. Sitaandika zaidi.

Mchana Madeleine alikuja na M ya udongo, safari hii imechomwa na kukauka, zawadi kwa Annie. Akasema somo langu la kufumba macho ni zuri kuliko yote aliyoyaona, akaomba ruhusa kulitumia. Kwa kamba badala ya waya. Nikampa ruhusa. Nikamwambia aandike jina langu kwenye fishi.

Jioni nilipita kwa Mwansa. Viti vimejaa uani. Juu ya paa, kwenye mlingoti, K imefungwa vile vile, imesimama, mkono juu, mguu chini. Na redio inasema! Nimesimama barabarani nikaisikiliza mpaka mwisho. Kwa maoni yangu inasema vizuri kuliko zamani.

Alhamisi, tarehe 13 Aprili. Kasenga.

Tumefika juzi. Baba mkwe alitupokea kwenye lori, akanitazama, akatazama tai. Alitupatia samaki wawili wakubwa. Jana usiku, wakati wa chakula, aliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Miaka minane, na ndiyo kwanza ameuliza! Nikamjibu aje aone. Amekubali. Jumamosi asubuhi atakuja darasani pamoja na wavuvi wenzake, kabla hawajaingia majini kwa juma zima. Nikimshinda mzee huyu, nimeshinda Inspecteur kumi.

Sasa ninafanya mambo kwa uangalifu. Nimekagua paa zote za mtaa huu: nyasi tupu. Waya sitaki hata kuusikia. Nimejifunza.

Nimechagua herufi J. Nilizunguka siku mbili nikitafuta kitu cha J, na wapi nimekikuta? Ghalani kwa baba mkwe! Chuma kizuri, kimeshakunjwa tayari, chini kina mkunjo, juu kina kitundu cha kutundikia ukutani. Huhitaji hata koleo. Na Kasenga kila nyumba inavyo. Tutavipigilia misumari vizuri, visidondoke.

Nimewaagiza watoto: kila mmoja alete ndoano mbili kesho, kubwa, na asiwasumbue wazazi, wazazi wamechoka. Annie ameshaleta. Ameleta sanduku zima la babu yake.

Kumi juu ya kumi.