Uzinduzi wa Karatasi za Kuhesabia

Kabla sijaanza, ndugu wananchi, kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu warsha ya mwezi wa tatu: sauti ya stepla ikibana andiko la mradi, kwach, mara moja tu, nami nikajua kwamba watoto wa awali wa kata hii wameokoka. (Mtu anakohoa.)

Mheshimiwa Diwani uliyetuma udhuru. Mheshimiwa Mtendaji uliyetuma mwakilishi. Mwakilishi wake, ambaye naambiwa anatafuta bajaji. Mashehe wetu na wazee wetu, shikamooni. Mwalimu Batuli wa darasa la awali. Kina mama mlioacha majiko. Nanyi watoto mliokaa juani kwa nidhamu ya kimkakati: itifaki imezingatiwa. ("Marahaba," wanajibu wazee, wamechelewa kidogo.)

Mimi, Sophia Alawi, Mratibu Mwandamizi wa Mradi Shirikishi wa Karatasi za Mazoezi ya Kusoma na Kuhesabu, ambazo kila asubuhi zitachapwa kwa printa na kila mtoto atapata yake, nimesimama hapa baada ya upembuzi yakinifu, warsha nne, na ziara moja ya mafunzo nchi jirani ambako nilijifunza mengi na kunywa chai na wadau, ili niwatangazie rasmi kwamba mtindo wa Mwalimu Batuli wa kuhesabisha watoto kwa makombe ya chaza ya pwani na kuwaandikisha herufi mchangani umepitwa na wakati kwa asilimia themanini na saba nukta nne. (Makofi ya mtu mmoja. Ni dereva wake.)

Printa iko wapi, anauliza Mzee Adamu. Iko njiani, mzee wangu, imefika Vigwaza. ("Tangu Mfungo Mosi, siku za Idi, iko Vigwaza," anasema Mzee Adamu. "Itakuwa imeshaoa huko." Kicheko.)

Naendelea. Mradi makini hupima kabla ya kugawa, hivyo karatasi ya majaribio nilimpa mtoto Zuhura, binti wa Bi Habiba, mwenye miaka sita, anayetarajiwa kuingia darasa la kwanza Januari. Karatasi ilikuwa na picha ya watu watatu wa theluji, hawa wanaofinyangwa kwenye nchi za baridi, tufe juu ya tufe juu ya tufe na pua ya karoti, na swali likauliza: jumla ni ngapi? Mtoto akaandika tisa. Nasikitika kwamba kitaalamu hiyo ni sifuri, na kwa mujibu wa mwongozo nilioutunga mwenyewe, mtoto wa sifuri hubaki awali mwaka mwingine mzima. (Bi Habiba anasimama, kanga kaikaza kiunoni. "Bi Mratibu, wenzake wote wanaondoka, wangu abaki na wadogo zake? Muulize kwanza aliona nini." Zuhura anaulizwa. "Vitumbua," anasema. "Vimepangwa vitatu vitatu. Vya juu vimechomekwa karoti." "Basi ni tisa," anasema Mwalimu Batuli, bila kunyanyua sauti. Uwanja mzima unahesabu kwa vidole.)

Naomba utulivu. Hoja imepokelewa na inachakatwa, naomba dakika moja niandike kitu. (Anainama juu ya meza. Kalamu inagoma, dereva anampa yake.)

Tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema karatasi, ninyi semeni maarifa. Karatasi. ("Vitumbua," wanaitikia watoto.) Inatosha.

Nawashukuru sana kwa kuupokea mradi huu kwa mikono miwili, maana, niwe mkweli kwenu, hiyo mikono ndiyo yote tuliyo nayo: karatasi ya Zuhura ndiyo pekee iliyopata kuwapo, niliichapisha mjini kwenye duka la steshenari, na ile printa niliiandika kwenye andiko nikitumaini kwamba ikishaandikwa itakuja. (Mzee Adamu anatikisa kichwa taratibu, kama aliyepewa pole.) Makao makuu yanadai takwimu za ufaulu leo, na aliyepimwa ni mtoto mmoja, kwa hiyo akifeli yeye, kata nzima imefeli. Basi mlipokuwa mkihesabu kwa vidole nimeiwekea tisa yake alama ya vyema, nimeipiga picha na kuituma, ufaulu asilimia mia, na fomu ya Zuhura ya kwenda darasa la kwanza nimeshaisaini. Mwalimu Batuli anayo mkononi.