Kuku Waliostaafu wa Shauri Moyo

Mbaluka alikuwa amesimama nje ya bucha moja pale soko la Burma, akingoja rafiki yeyote apite amnunulie supu, aliposikia akina mama wawili wakizungumza habari za kuku. Kazi alikuwa akiikwepa tangu Januari, lakini fursa hakuwahi kuikwepa hata siku moja.

"Pesa ya chama iko, tumejinyima mwaka mzima," alisema Nabwire, mjane aliyeuza mrenda na kunde sokoni hapo. "Shida ni kuku. Mtu atatuuzia ugonjwa, turudi tena sufuri."

"Na banda je?" akauliza Bi Muhiba, mwenye duka mtaani Shauri Moyo na mweka hazina wa chama. "Fundi wa Nairobi ukimpa pesa mkononi, umeshamuaga."

Mbaluka aliumizwa na maneno hayo, kwa kuwa wateja wa Mathare na Kariokor walikuwa wamemuaga yeye kwa njia hiyo hiyo. Akasogea, akainamisha kichwa kwa heshima zote.

"Mulembe, senge!"

Nabwire alitabasamu kusikia salamu ya kwao, na kuitwa shangazi kwa Kiluhya. "Mulembe. Wewe ni wa nani?"

"Naitwa Mulama. Marehemu baba yangu ni wa ukoo wenu, kwa hivyo wewe ni shangazi yangu kabisa."

"Ukoo upi?"

"Huo huo wako, senge. Kwani kuna mwingine?"

Jina la Mulama alilizua papo hapo, na marehemu huyo, kwa taarifa ya msomaji, saa hiyo alikuwa Kitui akichunga mbuzi wake, mzima wa afya. Lakini mwanawe hakusita. Alieleza kwamba anajua mbegu mpya ya kuku, wanaotaga kila siku bila kujali Jumapili wala sikukuu. Pesa ya shangazi hataki hata kuiona. Atamjengea banda bure na kumletea kuku wachache wa kujaribu. Chama kikiridhika na mayai, ndipo kitoe akiba yake awaletee akina mama wote kuku wao. Hakueleza kwamba akishapewa akiba hiyo angepanda basi la kwanza la Mombasa.

Ajabu ni kwamba Mbaluka alikuwa fundi kweli. Mikono yake ilikuwa na adabu, ni ulimi tu ulioiharibia sifa. Alikopa pesa kidogo, na kwa mbao za paleti na mabati ya mtumba akasimamisha banda nyuma ya nyumba ya Nabwire, likiwa na miguu, wavu na viota vya nyasi kavu. Kisha akarudi Burma kutafuta wapangaji.

"Niaje, buda," alimwambia muuza kuku. "Uko na zile kuku zimechoka kutaga?"

"Hizi hapa. Zimestaafu, zinangoja sufuria tu."

"Fiti. Nipee hizo."

"Za supu?"

"Za kutaga."

Yule bwana alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Mbaluka aliwaosha kuku hao, akawapaka mafuta miguuni, akawapeleka Shauri Moyo wakimeta kama maharusi. Mayai hawakuwa nayo, kwa hivyo ilibidi awatagie yeye. Kila siku Nabwire akiwa sokoni, alifika na nyundo akidai kuna msumari umelegea. Nyuma ya banda alikuwa ameweka kidirisha cha kuokotea mayai, naye akakitumia kuyaingiza. Ili apate sababu ya kurudi kesho, ilimbidi leo aongeze kitu: kitasa, ngazi ya kuku, mfereji wa maji. Mayai aliyanunua dukani kwa Bi Muhiba, maana lilikuwa karibu na yeye alikuwa mvivu wa kutembea.

Nabwire alikuwa na furaha isiyofichika. Alitembeza mayai mtaa mzima, na kila aliyeyasifu alimwambia, "Ni mtoto wa ndugu yangu huyo." Akina mama wa chama walikuja kuchungulia, wakaafikiana Jumapili watoe pesa yote.

Kabla ya Jumapili ikaja mvua, ile mvua inayogeuza Shauri Moyo kuwa ziwa. Nabwire akawahamishia kuku jikoni, akafunga mlango, akakimbilia kwa Bi Muhiba kuomba ndoo.

"Mulama ametoka hapa sasa hivi na mayai yake," alisema Bi Muhiba. "Huyo kijana anapenda mayai! Hata mvua haimzuii."

Waliporudi pamoja kukinga maji, Nabwire alifungua banda. Akatazama viota alivyoviacha vitupu. Akatazama mlango wa jikoni.

"Bi Muhiba, kuku wangu wako wapi?"

"Jikoni. Si nawasikia."

"Na haya mayai?"

Bi Muhiba akayainamia. "Wallahi haya ni yangu! Nimemuuzia saa hii!"

Nabwire aliketi kwenye ndoo. Kilichomuuma si akiba ya chama, kwa kuwa hiyo ilikuwa bado salama. Alikuwa ameshazoea kuwa na mtu wa kwao mjini, akaona aibu, na aibu hiyo ikageuka hasira.

"Napiga mayowe mtaa mzima utoke," alisema Bi Muhiba.

"Ngoja kwanza," alisema Nabwire. "Banda halijaisha."

Siku hiyo Mbaluka aliambiwa chama kimeahirisha mkutano, na kwamba wanachama wangependa banda liwe na sakafu ya kuvutwa nje. Akaitengeneza. Wakaahirisha tena, wakataka chumba cha vifaranga. Akakijenga huku akisonya. Jioni Nabwire aliokota mayai akayarudisha dukani, na asubuhi Bi Muhiba akamuuzia Mbaluka yale yale, akimwombea siku njema. Sijui kama hesabu za aina hiyo hufundishwa popote, ila chama kilinona.

Hatimaye akaitwa. Alifika amevaa koti, akawakuta akina mama wote wameketi uani na sinia la ugali na kuku katikati. Nabwire akamwekea firigisi mwenyewe. Mbaluka akaona ameaminiwa hadi mwisho. Akatafuna, akatafuna sana, akameza.

"Sasa, senge, tumalize ile shughuli."

"Tumalize. Wape kuku wako habari."

Mbaluka aligeuka. Banda lilikuwa wazi, limefagiwa. Akatazama sinia.

"Umechinja kuku wa kutaga?"

"Wa kutaga ni wewe," alisema Nabwire. "Hawa walikuwa jikoni kwangu siku ya mvua, na mayai yakawa bandani."

Kicheko kilipasuka. Mbaluka alisimama, lakini mlango wa ua ulikuwa umejaa Bi Muhiba, mwanamke mpana kiasi.

"Unaenda wapi? Kwetu firigisi ni ya mwanamume wa nyumba," alisema Nabwire, "na umeila mbele ya mashahidi. Mwanamume wa nyumba ana kazi. Au tuite wale wa bucha za Burma, uwaeleze wewe ni wa ukoo gani?"

Mbaluka alifikiria visu vya Burma.

"Mimi ni mtu wa Pumwani," alisema Bi Muhiba kwa upole, "lakini kuanzia leo ni shangazi yako pia. Na uwanja wangu ni mkubwa kuliko huu."

"Na wangu," akasema mwingine.

"Na wangu, mwanangu."

Mbaluka akavua koti, akaomba futi ya kupimia.