Divai ya Meza ya Bwana Haihamii kwa Getruda

Isansa, Mbozi
Jumatano, wiki mbili kabla ya Pasaka

Kwako Mchungaji Osea,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Sisi huku wazima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Wapo wanaosema niliishia darasa la tatu. Ni kweli, lakini darasa la tatu la wakati ule lilikuwa refu.

Rabson, katibu wa baraza la wazee, ameniletea habari kwamba Jumamosi atakuja kuchukua sanduku la divai pamoja na ufunguo wake, vipelekwe kwa mama Getruda kwa sababu ana friji. Mchungaji, mimi nimetunza divai ya usharika humu ndani mwangu miaka ishirini na sita. Wachungaji watano wamenikuta na ufunguo wakaniacha nao, wewe ni wa sita. Leo nanyang'anywa kwa sababu ya joto. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kipimajoto cha Brian. Huyu mwalimu wa sekondari, mjukuu wa marehemu dada yangu, alikuja kunisalimia, kumbe ametumwa. Akachomeka kipimajoto chake sandukuni, akasema, "Babu, nyuzi ishirini na tisa. Divai inataka kumi na tatu. Hii umeifanya chai ya rangi." Nikamwambia, wewe mwenyewe ukipimwa una thelathini na saba, mbona hatujakuhamishia kwa Getruda? Alicheka, lakini kucheka si jibu.

2. Sanduku kukaa karibu na jiko. Nimelaumiwa kana kwamba nilijisahau. Sikujisahau, niliweka pale kwa akili. Marehemu mama yangu alipika pombe ya ulezi iliyosifiwa mpaka Msangano (hayo ni ya kabla sijaokoka), na kila mtu aliyekulia huku anajua kwamba chungu kikikaa kwenye baridi, pombe inalala. Wewe ulihamia hapa na koti moja, mwezi wa sita ukanunua la pili. Sasa divai ambayo haina hata moja?

3. Kizibo. Nashitakiwa kwamba kila jioni nakilegeza. Ni kweli, na nitaendelea. Kinywaji kisipopumua kinapasua chombo, nimeona vyungu viwili vya mama vikipasuka kwa sababu ya vizibo vya wajuaji. Kwangu mimi, miaka ishirini na sita, haijapasuka hata chupa moja. Nani mwingine katika jimbo hili anaweza kusema hivyo?

4. Divai yenyewe haikuzoea kudekezwa. Hii ya sasa tuliinunua Tunduma. Rabson shahidi, muuzaji alituambia ilikaa kwenye lori siku nne ng'ambo ya mpaka, foleni haisogei, jua la utosi. Haikulalamika. Imefika kwangu imepata kivuli na moshi kidogo, ndipo mnaionea huruma.

5. Friji yenyewe. Naifahamu vizuri kuliko wajumbe wote wa baraza. Rafu ya juu kuna samaki, ya kati soda za wajukuu, ya chini maziwa. Umeme ukikatika inavuja maji mpaka sebuleni. Tena haina kufuli, kila mwenye kiu anafungua. Mnataka Meza ya Bwana inukie sato?

6. Matunda ya kazi yangu. Jumapili ile ya mwisho tuliyoshiriki, uliona mwenyewe. Watu walionja wakafumba macho. Mke wangu Tusekile alitokwa machozi. Mzee Danieli alishika shavu akatikisa kichwa mpaka akafika kwenye benchi lake. Mchungaji, toba ya namna ile hujawahi kuipata kwa mahubiri. Ikitoka kwenye friji watakunywa wakitabasamu, tutakuwa tumejenga usharika wa watu wanaotabasamu.

Kwa hiyo naomba Rabson asije Jumamosi. Ufunguo nimeufunga kiunoni kwa kamba ya katani na nalala nao, kwa hiyo kuuchukua si kazi ya mtu mmoja. Na kama baraza linang'ang'ania friji, sina ugomvi, iletwe hapa kwangu. Umeme sina, lakini nitaiweka karibu na jiko isipate baridi.

Nisalimie mama mchungaji, wanakwaya wote, na mzee Danieli, umuulize jino likoje. Hata Brian msalimie, ni damu yangu.

Ni mimi, ambaye ufunguo bado ninao,

Ambakisye Nzunda
Mtunza Divai

Nilisahau: endapo baraza litanishinda, mwambie Getruda awe mwangalifu wakati wa kupanga. Rafu ya chini, nyuma ya maziwa, kuna chupa imeviringishwa gazeti. Ni yangu, binti yangu Gwantwa aliniletea kutoka Dodoma wakati wa Krismasi, na huwa napita pale jioni kuiangalia. Msije mkaichanganya na ya usharika. Ile yangu haijachacha.